Cheche ya 1902 na Pikipiki ya Baba

Ndugu mliotutangulia, wenzangu, na ninyi vijana mlio madarasani: pikipiki ya marehemu baba, iliyobeba maziwa yaliyonilipia karo katika shule yetu hii, ilikuwa ikizimika kila baada ya maili chache. Kaka yangu akataka iuzwe kama chuma chakavu. Nikamwomba anipe Jumamosi moja.

Pikipiki ya Daimler na Maybach ya mwaka 1885 haikuwa na cheche. Petroli iliwashwa kwa mrija uliopashwa moto. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch, alikamilisha magneto ya umeme wa volti nyingi pamoja na plagi yake. Katika pikipiki ya baba, platini hukatiza umeme, koili huupandisha, na kondensa huikinga platini isiungue.

Ilipozimika nilifungua kwanza kifuniko cha tangi, maana tundu lake la hewa likiziba petroli haishuki. Haikuwa hivyo. Nikakifunga, nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye silinda na kupiga kiki: cheche ya manjano, dhaifu. Platini ilikuwa imeungua. Niliipiga msasa mara mbili bure (shahada ya chuo kikuu haikunisaidia) ndipo nikaikumbuka kondensa. Ikipata joto ilishindwa kazi; ikipoa, ilirudi.

Nikabadilisha vyote viwili. Jumapili nilimpakia kaka hadi kaburini kwa baba na kurudi, wala haikuzimika.