Wazazi Waliobaki Nyumbani: Huduma kwa Wale Ambao Watoto Wao Walipelekwa Kulelewa Makaoni

Sura zilizotangulia zimesimulia habari za shule, zahanati, kwaya na ujenzi wa kanisa letu. Sura hii yahusu kazi ambayo haikuwahi kuwekewa jiwe la msingi wala kuzinduliwa na mgeni rasmi. Ni huduma kwa baba au mama aliyebaki nyumbani baada ya mtoto wake kuchukuliwa akalelewe kwingine, ama kwa ridhaa yake, ama kwa uamuzi wa ukoo, ama kwa amri ya mahakama. Huenda wageni wetu kutoka dayosisini wakashangaa kulikuta jambo hili katika kitabu cha jubilei. Halmashauri ya usharika iliona kwamba lisipoandikwa sasa, wazee wanaolikumbuka watakuwa wamelala.

Neno "yatima" limetupotosha kwa muda mrefu. Katika Kiswahili cha kila siku, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja huitwa yatima sawa na yule aliyefiwa na wote wawili. Na akiisha kuingia makaoni, jina hilo humfuata hata kama baba yake yuko kijijini, au mama yake yu hai lakini ni mgonjwa, au hana kitu kabisa, au amefungwa gerezani. Daftari zetu za zamani za diakonia zinalionyesha hilo kwa ufupi wa kuhuzunisha. Zina safu ya jina la mtoto, ya tarehe ya ubatizo, ya mtaa anakotoka, na mwishoni safu ya maelezo. Humo tunakuta mara kwa mara maneno mawili tu: baba yupo. Yupo wapi, ana hali gani baada ya kumzika mkewe na kumkabidhi mtoto wa wiki mbili mikononi mwa watu wengine, hayo hakuna aliyeyauliza.

Ili kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo, yafaa tukumbuke desturi yetu. Hapa Buhaya mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Mama akifa, watoto hugawanywa kwa bibi, kwa shangazi na kwa wake wa baba zao wadogo, na kwa mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya mpango huo ulitosha. Kwa mtoto mchanga haukutosha. Maziwa ya ng'ombe hayakupatikana katika kila kibanja, ya kopo yalikuwa ghali, na maji ya kuyachanganyia hayakuwa salama siku zote. Watoto wengi waliomfuata mama zao kaburini hawakukosa upendo wa bibi, walikosa maziwa. Ndiyo sababu kanisa lilianzisha makao ya Ntoma, si mbali na mji wa Bukoba, yanayopokea watoto wachanga, hasa waliofiwa na mama wakati wa uzazi, yakawalea katika miaka yao ya mwanzo, kisha yakawarudisha kwa jamaa zao. Sharti la kuwarudisha lilikuwa jema na la busara. Lakini lilidai kitu ambacho sharika hazikukiandaa, yaani nyumba iliyo tayari kumpokea mtoto.

Tufikirie hali ya baba. Safari ya makaoni ilimgharimu siku nzima kwa miguu, au kwa baiskeli kama alikuwa nayo, na wakati wa kuvuna kahawa hakuweza kuondoka. Tena mwanamume hakutazamiwa kubeba mtoto mchanga mbele za watu. Wengine walifika hadi langoni, wakaacha ndizi na kuku, wakarudi bila kumwona mtoto. Baada ya miaka miwili au mitatu waliitwa waje kumchukua. Mtoto alimkimbia baba yake kama mgeni, akamlilia mlezi. Kina mama wetu wazee husema kwamba kilio hicho ndicho kilichowafanya waanze huduma hii. Waliona baba akirudi nyumbani ameshika mkono wa mtoto asiyemtaka, wakamhurumia, wakaanza kwenda naye.

Hivyo huduma ya kwanza kabisa ya usharika kwa wazazi hawa ilikuwa kuwasindikiza. Hakukuwa na jina la mradi wala bajeti. Kina mama wawili watatu wa Idara ya Wanawake waliongozana na baba kwenda kumwona mtoto, wakamwonyesha namna ya kumlisha, na kila mara walimchukua shangazi au bibi atakayekuwa mlezi, ili siku ya kurudi mtoto apokelewe na sura moja angalau anayoijua. Walijua pia kuuliza swali ambalo wachungaji waliona haya kuliuliza: je, mke mpya ameambiwa kwamba kuna mtoto? Mara nyingine alikuwa hajaambiwa.

Kwa kina mama walioachana na watoto wao wakiwa hai, usharika haukuwa na moyo huohuo, na uaminifu wa historia unatutaka tuliseme. Mama aliyezaa nje ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu mbele ya usharika. Mama wa namna hiyo mtoto wake alipochukuliwa, ama na ukoo wa baba, ama na watu wa ustawi kwa sababu alionekana hawezi kumlea, hakuna aliyemsindikiza. Alionekana amevuna alichopanda. Katika daftari zetu hakuna hata mstari mmoja unaosema "mama yupo". Hatuna haja ya kuwalaumu waliotutangulia kana kwamba sisi tungefanya vizuri zaidi, lakini safu ile tupu inasema.

Vita vya mwaka 1978 vilipofika Kagera, na majeshi ya Idi Amin yalipoikalia ardhi ya kaskazini ya mto, familia zilikimbia kusini kwa haraka, na watoto wengine wakapotezana na wazazi wao njiani. Wakati ule makanisa yalikuwa mahali pa kuulizana habari. Kazi hiyo ilikuwa fupi, nasi hatutaikalia. Msiba uliokuja baada yake ndio ulioibadili huduma hii yote.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Katika muda wa miaka michache ile njia ya zamani ya bibi na shangazi ilielemewa, kwa kuwa shangazi naye alikuwa mgonjwa na bibi alikuwa na wajukuu wa watoto wake wote. Watu wengi, ndani na nje ya nchi, waliona dawa ni kujenga makao mengine. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilichagua njia nyingine ilipoanzisha Huduma ya Watoto, maarufu kwa jina la HUYAWA, mwaka 1989: mtoto asaidiwe akiwa katika kaya yake, kwa sare ya shule, kwa matibabu, kwa ushauri, na kwa kumtia nguvu yule anayemlea. Kwa maoni ya mwandishi huu ni miongoni mwa maamuzi bora yaliyofanywa na kanisa letu, ingawa si wa kupigwa picha. Wafadhili walipenda kumwona mtoto amevaa nguo mpya amesimama mbele ya jengo jipya. Nauli ya mama mgonjwa wa kumtembelea mwanawe haionekani katika picha.

Wako wazazi waliowatoa watoto wao mapema kwa sababu walijua wanakufa. Kisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, na baadhi ya waliokuwa wamekwisha kuaga wakainuka kitandani. Mama aliyeandaa kaburi sasa alikuwa analima, naye akauliza: nani atanirudishia mwanangu? Jibu lilikuwa gumu. Mtoto alikwisha kuzoea makao au nyumba ya baba mkubwa, shule yake ilikuwa huko, na ndugu waliomlea waliona wanadaiwa kitu walichokwisha kukigharimia. Usharika ulijikuta ukikaa katikati ya pande mbili ambazo zote zilikuwa na haki.

Hapo lazima tuutaje ukoo tena. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa nchi hii, aliandika kitabu kizima juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichochapishwa mwaka 1974, kwa kuwa alijua ukoo haumwachi Mhaya mlangoni mwa kanisa. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka watoto wa ndoa upande wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilielekeza mahakama itazame kwanza masilahi ya mtoto, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba kwa kawaida akae na mama yake, isipokuwa kuna sababu ya kuamua vinginevyo. Wajane wetu wengi hawakujua kwamba sheria hiyo ipo. Mjane aliondolewa kwenye kibanja, watoto wakabaki, na jambo likaitwa la nyumbani. Mzazi aliyepokonywa mtoto kwa barua ya Serikali alikuwa na karatasi ya kuonyesha kwa mtu; aliyepokonywa na shemeji zake hakuwa na chochote. Kamati yetu ya diakonia ilipoanza kuwasikiliza kina mama hawa, iligundua kwamba kilio chao ni kimoja, ikaacha kuwatofautisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikusanya pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika, zikiwamo sheria ya kikoloni ya watoto na vijana na ile ya makao ya watoto ya mwaka 1968. Inatamka kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, na kwamba anaweza kutengwa nao pale tu mahakama inapoona kuna madhara au hatari. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeomba amri hiyo na kuisimamia. Jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa, na ambalo kamati yetu hulirudia kila mara, ni kwamba amri ya matunzo si ya milele: ina kikomo cha miaka mitatu, na mtoto kuwa makaoni hakumwondolei mzazi wajibu wala nafasi ya kumtembelea. Sisi tuliona wazazi waliotia kidole gumba kwenye karatasi wakaenda nyumbani wakiamini wamemtoa mtoto moja kwa moja. Hawakurudi kumwona, na kutorudi kwao kukahesabiwa kuwa wamemtelekeza.

Kazi ya kamati ni ndogo, na inafanana sana na ile ya kina mama wa kwanza. Mjumbe huenda na mzazi ofisini kwa afisa ustawi, kwa sababu maofisa ni wachache na wilaya ni pana, na mzazi aliyefika mara mbili bila kumkuta mtu hafiki mara ya tatu. Humfasiria yanayosemwa, maana Kiswahili cha mahakamani kinamtisha hata anayekijua. Humwandikia barua. Humpa nauli kutoka sadaka ya diakonia, na vijana wa usharika huezeka nyumba pale ambapo paa ndilo kikwazo. Kaya iliyo maskini sana huelekezwa kwa viongozi wa kijiji, iangaliwe kama inastahili kuingia katika mpango wa TASAF.

Ugumu mkubwa uko kwenye ushuhuda. Afisa huuliza wazee wa kanisa: mzazi huyu amebadilika? Zamani tulikuwa wepesi kusema ndiyo, kwa kuwa ni Mkristo mwenzetu na ametubu. Mara moja tulimtetea baba aliyekuwa ameacha pombe kwa mwezi mmoja, mtoto akarudishwa, na kabla ya mavuno alikuwa amepigwa tena na kuondolewa. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba mzee hashuhudii ila aliyoyaona kwa macho yake, baada ya kuitembelea nyumba hiyo mara kadhaa bila taarifa. Wako wazazi ambao hatukuwaombea watoto warudi. Hao nao tunawatembelea, na hilo halijawa rahisi kwa upande wowote.

Daftari la sasa la diakonia lilichapishwa kwa mtindo uleule wa zamani. Katibu wa kamati alichukua rula akapiga mstari kwa mkono katika kila ukurasa, akaongeza safu mbili kabla ya ile ya maelezo. Moja ni ya jina la mzazi aliye hai na mahali anapokaa. Nyingine ni ya tarehe alipomwona mtoto mara ya mwisho, nayo huandikwa kwa penseli ili iweze kufutwa na kuandikwa upya.