Unataka kuwa mpambaji wa nyumba Tabora? Anzia hapa

Kupamba nyumba siyo kuchagua rangi na pazia tu. Mpambaji anapanga watu wapite wapi, mwanga uingie vipi, fenicha ikae wapi na hela ya mteja iende kwenye nini. Kwa kijana wa Tabora, kazi hii inaweza kuanza na mtaji mdogo, ila haianzi bila vipimo.

Fundi, mpambaji au mbunifu?
Fundi anapaka rangi, anafunga jipsamu au anaranda mbao. Mpambaji anachagua vitu na kusimamia mafundi. Mbunifu wa ndani amesomea kuchora na kupanga majengo kwa ndani, na taaluma yake inasajiliwa na bodi ya AQRB. Kama hujasajiliwa, usijiite hivyo. Na usivunje ukuta wa mtu bila mtaalamu.

Pa kusomea
Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinatoa shahada ya ubunifu wa ndani. Huna vigezo au ada? VETA wana chuo Tabora: ulizia useremala, rangi au ushonaji. Uliyejifunzia mtaani, ulizia urasimishaji wa ujuzi, upimwe na upate cheti.

Jifunze kwa wazee
Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Kuta nene za udongo zinazuia joto, na mlango wa nakshi unaonyesha ufundi wa pwani ulivyofika bara. Kabla ya kuiga picha ya mtandaoni, jiulize: sebule hiyo itakaaje kwenye jua na vumbi la Oktoba?

Mbao nzuri nazo ziko karibu. Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo ya huku. Nunua wenye risiti na kibali cha TFS, la sivyo mzigo unaweza kukamatwa na hasara ni yako.

Hesabu inayokulinda
Chumba cha mita 4 kwa 5, kuta za mita 3, kina mita za mraba 54. Toa mlango na madirisha, tuseme 6, zinabaki 48. Mikono miwili ni 96. Kama lita moja inapaka mita 10 za mraba (soma kopo), unahitaji karibu lita 10. Makopo matatu ya lita 4 yanatosha. Ukimnunulisha mteja ndoo ya lita 20, umemtupia hela, na hatakuita tena.

Kabla ya kushika kazi
- Andikianeni: kazi gani, bei gani, lini inaisha.
- Tenganisha hela ya vifaa na ya ufundi wako.
- Piga picha kabla na baada, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Chumba kimoja kilichopimwa vizuri, hata cha dada yako, kinatosha kumwonyesha mteja wa kwanza.