Gari-nyumba kuukuu: kutafuta hitilafu za injini na nyaya

Gari-nyumba ni gari lenye injini yake na, ndani ya bodi hiyo hiyo, vitanda, jiko, choo na matangi ya maji. Marekani magari haya yalianza kuenea baada ya Winnebago ya Forest City, Iowa, kuingia katika biashara hiyo mwaka 1966, na mengi ya yale yanayouzwa leo kwa bei nafuu yaliundwa kati ya miaka ya 1970 na 1990. Chesisi, injini na giaboksi hutoka kwa kiwanda cha magari: Ford E-350 yenye V8 ya lita 7.5, Chevrolet P30 yenye ya lita 7.4, au Dodge ya miaka ya 1970 yenye ya lita 7.2. Nyumba iliyo juu yake huundwa na kampuni nyingine kabisa, kwa mbao, alumini na faibaglasi. Gari likishapita mikono mitatu minne huwa na fundi wa tatu, yaani wamiliki wenyewe, ambao kila mmoja ameongeza redio, taa au kamera yake na kuacha waya zake.

Kwa sababu hiyo hakuna mchoro mmoja unaoonyesha nyaya za gari zima. Mchoro wa Ford au Chevrolet huishia pale nyaya zinapoingia kwenye bodi. Wa kampuni ya bodi, kama bado upo, huanzia hapo. Na wa wamiliki haukuwahi kuchorwa. Mpaka kati ya kazi ya mmoja na kazi ya mwingine ndipo hitilafu nyingi za umeme zinapojificha.

Umeme wenyewe uko wa aina tatu. Kuna volti 12 za chesisi, zinazohudumia stata, moto wa plagi, taa za barabarani na dashibodi. Kuna volti 12 za nyumba, zenye betri zake, kwa ajili ya taa za ndani, pampu ya maji na feni ya hita. Kisha kuna volti 120 zinazotoka nje kwa kebo au kwenye jenereta. Za Ulaya ni 230. Swali la kwanza kwa hitilafu yoyote ni kwamba kifaa kilichokufa kinakula umeme wa upande gani. Mtu anayebadilisha fyuzi za dashibodi ilhali pampu ya maji inalindwa na boksi la fyuzi lililo chini ya kitanda anapoteza siku yake.

Betri na stata

Upimaji huanza kwenye betri, hata kama lalamiko ni la injini. Betri ya risasi na asidi iliyopumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 au zaidi ikiwa imejaa, takriban 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 12 ikiwa karibu tupu. Stata inapopigwa, kipimo kisishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma, alteneta nzima hupandisha kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki 12.4 alteneta haichaji, na kikipita 15 kidhibiti chake kimeharibika, na betri itachemka.

Stata ikipiga "tik" moja na kunyamaza, au injini ikizunguka kwa uchovu, wengi hukimbilia kununua stata. Mara nyingi kosa liko kwenye njia ya umeme. Kipimo cha kulibaini huchukua dakika mbili, na ni ajabu kwamba hakitumiki zaidi. Ncha hasi ya mita huwekwa kwenye kichwa hasi cha betri, ncha chanya kwenye chuma kitupu cha injini, na mtu mwingine hupiga stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2 au 0.3, waya wa ethi kati ya injini na betri umeoza au bolti yake imelegea. Upande wa chanya hupimwa kwa namna hiyo hiyo, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata, na hapo kupotea kwa volti 0.5 ndio mpaka wa kuvumilika. Kipimo kifanyike stata ikiwa inazunguka. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu tu za shaba utaonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna kinachovuta umeme, kisha utashindwa stata inapodai mamia ya ampea.

Ethi ya injini ikikatika kabisa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, kama vile kebo ya akseleta au ya gia. Kebo ya akseleta iliyopata moto au kuanza kukwama bila sababu katika gari la namna hii ni dalili ya ethi mbovu.

Magari-nyumba mengi yana swichi ya dharura kwenye dashibodi inayounganisha betri za nyumba na ya chesisi kwa muda. Injini ikiwaka baada ya swichi hiyo kubonyezwa, kosa liko kwenye betri ya chesisi au vichwa vyake.

Injini isiyowaka au inayozimika

Injini inayozunguka vizuri lakini haiwaki inakosa mafuta au moto wa plagi. Moto hupimwa kwa kifaa maalumu cha kuchomeka mwishoni mwa waya wa plagi, ambacho humulika. Kuning'iniza waya karibu na bodi ni hatari penye mvuke wa petroli, na kunaweza kuua moduli ya elektroniki.

Dalili nyingine humtaja mkosaji moja kwa moja. Kwenye Dodge, injini ikiwaka wakati ufunguo uko kwenye stata na kuzimika mara tu ufunguo unapoachiwa, rezista ya koili iliyo kwenye ukuta wa injini imekatika. Wakati wa kupiga stata koili hupata umeme bila kupitia rezista hiyo, na baadaye huipitia. Ni kipuri cha bei ndogo, na wajuzi hubeba cha akiba. Kwenye Ford za miaka ya 1980, moduli ya moto iliyofungwa ubavuni mwa distributa hupata joto la injini na kuanza kukatakata: gari huzimika baada ya saa moja ya safari, likakataa kuwaka, kisha likawaka kama kawaida baada ya kupoa. Aliyepima asubuhi injini ikiwa baridi haoni kosa lolote. Kipimo cha maana hufanywa pale pale kandokando ya barabara, dakika ile ile ilipozimika, kabla haijapoa.

Tabu ni kwamba kabureta yenye mafuta yaliyogeuka mvuke hutoa dalili hizo hizo. Injini ya gari-nyumba imebanwa chini ya kifuniko kati ya viti viwili vya mbele, hewa haipiti vizuri, na pampu ya mafuta ya zamani imefungwa kwenye injini yenyewe ikivuta petroli kutoka tangi lililo mbali nyuma. Mafuta yanayovutwa huchemka kwa urahisi kuliko yanayosukumwa, na petroli ya siku hizi hugeuka mvuke upesi zaidi. Kutofautisha ni rahisi: gari likishazimika, kichujio cha hewa huondolewa na akseleta husukumwa kwa mkono. Petroli ikiruka ndani ya koo la kabureta, mafuta yapo, na kinachotafutwa ni moto wa plagi. Koo likibaki kavu, kosa ni la mafuta. Dawa ya kudumu ni pampu ya umeme karibu na tangi, ikiwa na swichi ya presha ya oili inayoikata injini inapozimika. Bila swichi hiyo pampu itaendelea kumwaga petroli hata baada ya ajali.

Kabla ya kulaumu mvuke, mipira ya mafuta ikaguliwe yote, hasa ile mifupi iliyo juu ya tangi isiyoonekana. Mpira wa miaka 30, ambao haukuundwa kwa petroli yenye ethanoli, hupasuka nyufa ndogo. Ufa ulio upande wa kuvuta haudondoshi hata tone. Pampu huvuta hewa badala ya petroli, kama anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka, na gari huishiwa nguvu mlimani tu. Petroli iliyolala tangini mwaka mzima nayo huacha utando unaoziba jeti za kabureta. Gari lililosimama muda mrefu limwagwe mafuta ya zamani kwanza, kisha ndipo lipimwe.

Ford zilianza kutumia sindano za mafuta kwenye injini hii ya lita 7.5 katika modeli za 1988. Hizi zina swichi ya mshtuko inayokata pampu gari linapogongwa, kwa kawaida karibu na miguu ya abiria. Shimo kubwa barabarani au kiatu cha mtu huweza kuifyatua, na gari likafa kimya. Kitufe kinabonyezwa, safari inaendelea. Zenye matangi mawili pia huwa na swichi ya kuchagua tangi; ikiwa injini hufa kwenye tangi moja tu, kosa ni la pampu au waya wa tangi hilo.

Mlio wa "tak tak" injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata moto, kwa kawaida si wa valvu. Ni bolti za manifoldi ya ekzosi zilizokatika, maradhi yanayojulikana sana kwenye V8 hizi kwa kuwa hubeba uzito mkubwa kwa joto kali. Moshi unaotoka hapo huunguza nyaya za plagi, na injini huanza kumisi. Jambo zito zaidi ni kwamba kifuniko cha injini kiko ndani ya chumba cha abiria, na kaboni monoksidi haina harufu. Gari la namna hiyo lisiendeshwe na watu wakiwa wamelala nyuma.

Injini inayochemka milimani tu, na si mjini, hukaguliwa klachi ya feni na rejeta iliyoziba. Inayochemka kwenye foleni na kupoa barabara kuu huashiria feni. Mwisho kabisa, mafuta na moto vikiwa sawa, hupimwa kompresheni: silinda dhaifu isipungue robo tatu ya ile yenye nguvu zaidi. Ikipungua, uamuzi hauko tena kwa fundi bali kwa mfuko wa mwenye gari.

Nyaya za chesisi na za nyumba

Bodi ya faibaglasi na mbao haipitishi umeme. Kila taa ya nyuma hutegemea waya wake wa ethi unaorudi kwenye chesisi, na skrubu inayoushika iko pale matope na chumvi ya barabarani hurukia. Taa ya breki inayowaka hafifu, au indiketa inayofanya taa nyingine zipepese, ni ethi iliyooza. Umeme unarudi kupitia balbu ya jirani. Tiba ni kukwangua chuma hadi king'ae, kufunga kichwa kipya cha waya na kupaka grisi.

Katika modeli nyingi za zamani umeme wote wa taa kubwa hupitia swichi ya dashibodi, yenye sakiti breka ndani yake. Swichi au waya ukipata moto, taa huzimika zenyewe usiku, kisha hurudi breka ikipoa. Rilei mbili zilizofungwa mbele ya gari huondoa mzigo huo. Fyuzi kubwa zaidi haimalizi tatizo: waya ndio utakaoungua.

Kati ya mifumo miwili ya volti 12 kuna kiunganishi kinachoruhusu alteneta ichaji betri zote. Kikiwa cha daiodi hupoteza karibu volti 0.7, hivyo betri za nyumba huonekana hazijai. Kikiwa cha solenoidi, bolti zake mbili kubwa zionyeshe kipimo kile kile injini ikinguruma. Zikitofautiana, mabati ya ndani yameungua. Betri inayokufa gari likiwa limesimama hupimwa kwa kuunganisha mita ya ampea kati ya kichwa hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Upande wa chesisi usizidi miliampea 50. Kikizidi, fyuzi huchomolewa moja moja hadi kipimo kianguke. Kipima gesi ya propani upande wa nyumba kinavuta umeme siku zote, kwa haki, na kitamaliza betri ya gari lililoegeshwa wiki kadhaa.

Volti 120

Hapa kosa linaweza kuua. Kwenye nyaya za gari weusi mara nyingi ni ethi. Kwenye volti 120 za Marekani weusi ndio wenye moto, weupe ni nyutro, kijani ni ethi. Nyaya za aina zote mbili hukutana kwenye boksi la konveta, kifaa kinachogeuza volti 120 kuwa 12, na rangi pekee haitoshi kuzitambua. Konveta za zamani huchaji kwa volti zisizobadilika na kukausha maji ya betri, kwa hiyo betri ya nyumba iliyokauka mara kwa mara ni sababu ya kuikagua.

Magari madogo hutumia kebo ya ampea 30 yenye pini tatu. Soketi yake hufanana na ile ya mashine za kukaushia nguo, na mafundi wa majumbani wasioijua huifunga kwa volti 240. Maikrowevu na konveta huungua papo hapo. Hatima hiyo hiyo hulikuta gari la Kimarekani likichomekwa kwenye umeme wa Kenya au Tanzania bila transfoma. Soketi hupimwa kwa mita kabla ya kuchomeka. Anayegusa mlango huku miguu iko kwenye ardhi yenye unyevu na kuhisi mtekenyo, ethi ya gari imekatika na umeme unavuja kwenye bodi. Sakiti breka ya kwenye nguzo huzimwa kwanza, ndipo kebo ichomolewe.

Jenereta, mara nyingi ya Onan, huvuta petroli kwenye tangi la gari kwa bomba linaloishia juu ya sakafu ya tangi. Ikizimika wakati geji iko robo, huku injini kubwa ikiendelea kuwaka, haijaharibika. Imeundwa kuacha mafuta ya kurudia nyumbani.