Pikipiki ya Safari Ndefu: Kiwanda Kilianza, Wenyewe Wakamalizia

Hapa kwetu mtu akitaja Honda, wengi hufikiria pikipiki nyembamba ya silinda moja, ile ya bwana shamba au ya padri wa kigango. Leo tuzungumzie Honda nyingine kabisa, ambayo haikukusudiwa njia zetu za vumbi. Jina lake ni Gold Wing, yaani Bawa la Dhahabu: dude zito la safari ndefu, la silinda nne na baadaye sita, ambalo limezeeka mikononi mwa Wamarekani.

Historia ya mitambo mara nyingi husimuliwa kwa majina ya wahandisi, kana kwamba kazi ilikwisha siku mashine ilipotoka kiwandani. Gold Wing inatufundisha vingine. Kiwanda kiliianza kazi hiyo. Wenye pikipiki, kwa spana zao na usiku wao wa Jumamosi, ndio walioimalizia. Na leo, nusu karne baadaye, ni wao wanaoamua kama matoleo ya zamani yataendelea kuishi au yatakuwa chuma chakavu.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1972 kampuni ya Honda ya Japani ilikabidhi kikundi cha wahandisi, kikiongozwa na Shoichiro Irimajiri, kazi ya kubuni pikipiki kubwa kuliko zote ilizowahi kuuza. Kwanza walijaribu injini ya silinda sita. Baadaye, chini ya uongozi wa Toshio Nozue, ikakatwa shauri kutumia silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, zenye ujazo wa sisi 999. Injini ilipozwa kwa maji, kama ya motokaa. Nguvu ilipelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Tangi la petroli likawekwa chini ya kiti ili uzito ukae chini. Kile kinachoonekana kama tangi mbele ya mwendeshaji ni kasha tu la vifaa vya umeme na vikorokoro vingine.

Pikipiki hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka 1974 mjini Cologne, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, ikauzwa kama toleo la 1975. Lakini ilitoka kiwandani ikiwa uchi. Haikuwa na ngao ya kukinga upepo, wala masanduku ya mizigo.

Sasa fikirini, wasikilizaji. Mmarekani anayetoka Chicago kwenda Los Angeles ana zaidi ya kilometa 3,000 mbele yake. Upepo unampiga kifuani kutwa, mvua inamchapa usoni, na mkewe nyuma hana pa kuegemea mgongo. Waswahili wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye kukilalia kitanda hiki walianza kukitengeneza wenyewe. Tangu mwaka 1971, mbunifu mmoja wa jimbo la Illinois, Craig Vetter, alikuwa akiuza ngao kubwa ya faiba iliyoitwa Windjammer, inayoweza kufungwa kwenye pikipiki za aina nyingi. Wenye Gold Wing waliinunua kwa wingi. Wengine wakachomelea vyuma vya kubebea mizigo, wakashona viti vipana, wakafunga redio na taa za nyongeza. Mwaka 1977 wakaunda chama chao mjini Phoenix, jimbo la Arizona, cha kusafiri pamoja na kupeana maarifa.

Kampuni nayo haikulala. Mwaka 1980 ilitoa toleo la sisi 1,085, na mojawapo, lililoitwa Interstate, likatoka likiwa tayari na ngao na masanduku. Kile ambacho jana kilikuwa ufundi wa uani, leo kikawa bidhaa ya kiwanda. Mwaka huohuo Gold Wing zilianza kuundwa Marekani kwenyewe, mjini Marysville, jimbo la Ohio.

Hata hivyo, kila pambo lina gharama yake. Taa na redio hula umeme, na umeme katika Gold Wing za silinda nne ulikuwa mahali pa maradhi. Koili inayozalisha umeme wa kuchaji betri ilifichwa nyuma ya injini. Kutoka hapo zilipita nyaya tatu za manjano, zikaungana na nyaya nyingine katika kiunganishi kidogo cha plastiki. Kiunganishi kikiingia kutu hupata moto, plastiki huyeyuka, na mwisho koili yenyewe inaweza kuungua. Kuibadilisha, fundi hana budi kuitoa injini nzima kwenye fremu yake. Ni kazi ya siku kadhaa kwa ajili ya kifaa ambacho mtu hukibeba kwa mkono mmoja.

Wenye pikipiki walipata dawa mbili. Ya kwanza ni ya kinga: kukikata kiunganishi kile kikiwa bado kizima, na kuziunga nyaya kwa risasi moja kwa moja. Ya pili ni ya ujasiri: kuiacha koili iliyokufa palepale ilipo, na kufunga altaneta ya motokaa mbele ya injini, ikizungushwa kwa mkanda. Wao wenyewe waliuita mtindo huo kuwa wa kimaskini, lakini maskini huyo alirudi barabarani wakati jirani yake angali ameweka injini mezani.

Ilipofika toleo la 1988, Gold Wing ilikuja na silinda sita na ujazo wa sisi 1,520, pamoja na giya ya kurudi nyuma iliyoendeshwa na mota ya kuwashia. Altaneta yake iliwekwa mahali ambapo fundi huifungua bila kuishusha injini. Kile kilichokuwa kikilalamikiwa barazani, hatimaye kilirekebishwa kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa pikipiki hizi kuukuu huambiwa kabla ya kulipa. Matoleo yote hayo, ya silinda nne na ya sita hadi mwisho wa miaka ya 1990, yana mikanda miwili ya mpira inayopanga mwendo wa valvu. Mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hugonga valvu, na hapo hakuna tena habari ya matengenezo madogo. Mikanda yenyewe si ghali. Injini ndiyo ghali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuje kwenye magurudumu matatu. Si jambo geni Marekani. Harley-Davidson iliunda pikipiki ya matatu iitwayo Servi-Car kuanzia mwaka 1932 hadi 1973. Mafundi wa gereji waliitumia kufuatia magari ya wateja: waliifunga nyuma ya gari, wakarudi nalo gereji. Polisi nao waliipenda kwa kazi ya kukagua magari yaliyoegeshwa. Lakini Gold Wing ya matatu ina chanzo tofauti, nacho ni umri. Kijana aliyenunua pikipiki mwaka 1975 akiwa na miaka 30 alitimiza miaka 70 mwaka 2015. Goti limechoka, nyonga inauma, na chombo chenye uzito wa kilo 300 na zaidi hakimwonei huruma kinapoinama kwenye taa nyekundu. Wengine ni walemavu tangu ujana. Kwa watu hao, gurudumu la tatu si pambo. Ndilo linaloamua kama watasafiri tena au watabaki dirishani.

Kazi yenyewe si ya kubahatisha. Gurudumu la nyuma huondolewa, ukawekwa mhimili wenye difu na magurudumu mawili, kama bajaji zetu. Karakana kadhaa za Marekani na Kanada zimeuza vifaa kamili vya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Fundi mzuri hubadili pia mwinamo wa uma wa mbele, kwa sababu usukani wa matatu huwa mzito kama haukurekebishwa.

Na mwendeshaji naye hubadilika. Pikipiki ya mawili huilaza kwenye kona. Ya matatu hailali. Inamsukuma mtu upande wa nje, na akikata kona kwa kasi gurudumu la ndani linaweza kunyanyuka. Hatari kubwa zaidi ni mazoea. Aliyeendesha magurudumu mawili kwa miaka 40 hushusha mguu bila kufikiri anaposimama. Kwenye ya matatu, mguu huo huwa mbele ya gurudumu la nyuma, nalo linaweza kuukanyaga. Mzee mwenye uzoefu analazimika kujifunza upya kama mwanafunzi.

Leo mambo yamebadilika. Marysville iliacha kuunda pikipiki mwaka 2009, na kazi ya Gold Wing ikarudi Japani. Kile chama cha Phoenix kilifungwa mwaka 2022, baada ya miaka 45. Gold Wing mpya bado zinauzwa, lakini za zamani hutegemea vipuri vinavyotolewa kwenye pikipiki zilizokufa, na zaidi ya hapo hutegemea wazee wanaojua waya upi ukatwe na upi uachwe.

Hapo ndipo penye hoja yangu, wasikilizaji. Kipuri kilichokwisha dukani, fundi hodari anaweza kukichonga. Maarifa yaliyozikwa na mwenyewe hayachongwi. Mzee wa Ohio anayemwita mjukuu wake amshikie tochi huku akiziunga nyaya tatu za manjano anafanya kazi kubwa kuliko kuokoa pikipiki moja. Fundi wetu wa chini ya mwembe, ambaye amezifufua Honda za silinda moja kwa miaka mingi bila kitabu, yumo katika kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wale wa Marekani walikaa wakaandika walichokijua, wakachora michoro, wakapeana. Sisi je, tumeandika nini? Anayesubiri kiwanda kimwandikie atasubiri sana, maana kiwanda kina hamu ya kuuza toleo jipya.