Mchezo wa video uliofutwa

Mchezo wa video uliofutwa ni mchezo ambao utengenezaji wake ulianza, na mara nyingi ukatangazwa kwa umma, lakini ukasimamishwa kabisa kabla ya kuanza kuuzwa. Baadhi ya michezo hufutwa ikiwa bado ni michoro na maelezo kwenye karatasi. Mingine hufutwa ikiwa imekamilika, au ikiwa imebakiza wiki chache tu kuingia madukani.

Kufutwa ni tofauti na kuahirishwa. Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997, ukacheleweshwa mara nyingi, na mwaka 2009 kampuni ya 3D Realms ikawaachisha kazi watengenezaji wake. Hata hivyo haukufutwa: ulikamilishwa na kampuni nyingine na kutolewa mwaka 2011.

Sababu za kufutwa

Mchezo mkubwa huhusisha pande mbili: studio inayoutengeneza na mchapishaji anayetoa fedha na kuuza. Kwa kawaida mchapishaji ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Sababu zinazojitokeza mara kwa mara ni hizi:

Mabadiliko ya teknolojia. Star Fox 2 ulitengenezwa na Nintendo pamoja na Argonaut Software ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo. Ulikamilika mwaka 1995, lakini wakati huo mashine mpya kama PlayStation zilikuwa zimeanza kuonyesha picha za pande tatu zilizo bora zaidi, na Nintendo yenyewe ilikuwa ikiandaa Nintendo 64. Mchezo uliwekwa kabatini.

Mabadiliko ya umiliki. Star Wars 1313 ulionyeshwa kwa umma mwezi Juni 2012. Mwaka huohuo Disney ilinunua kampuni ya Lucasfilm, na Aprili 2013 ikafunga kazi ya utengenezaji katika studio ya LucasArts. Mchezo ukaishia hapo.

Maudhui. Thrill Kill, mchezo wa mapigano wa PlayStation, ulikuwa karibu kutolewa mwaka 1998 pale Electronic Arts ilipochukua shughuli za Marekani za mchapishaji wake, Virgin Interactive. Wamiliki wapya waliona ukatili wake umepita kiasi, wakaukataa.

Ubora usioridhisha. Capcom ilitupa toleo la kwanza la Resident Evil 2 likiwa limefika mbali, ikaanza upya. Toleo jipya lilitoka mwaka 1998 na kupata mafanikio makubwa. Mfano huu unaonyesha kwamba kufuta kazi si lazima kuwe hasara.

Hesabu za soko. Sega ilifuta Hyenas mwezi Septemba 2023, wiki chache tu baada ya wachezaji kuruhusiwa kuujaribu.

Kinachobaki baada ya kufutwa

Si kila kitu hupotea. Kampuni ya Blizzard ilitumia miaka saba kwenye mradi ulioitwa Titan, ikatangaza kuufuta mwaka 2014, kisha ikatumia sehemu ya mawazo yake kutengeneza Overwatch, uliotoka mwaka 2016. Programu ya msingi ya Thrill Kill ilitumika katika mchezo mwingine wa mwaka 1999, Wu-Tang: Shaolin Style. Nayo Star Fox 2 ilitolewa rasmi na Nintendo mwezi Septemba 2017, zaidi ya miaka 20 baada ya kukamilika.

Mingine huacha alama ndogo tu. Mwaka 2014 Konami ilitoa bure P.T., mchezo mfupi wa kutangaza Silent Hills uliokuwa ukiongozwa na Hideo Kojima. Silent Hills ulipofutwa mwaka 2015, P.T. nayo iliondolewa katika duka la mtandaoni. Ikabaki tu kwenye mashine za watu waliokuwa wameshaipakua.

Wafanyakazi ndio huumia zaidi. Mara nyingi kufutwa kwa mchezo huenda pamoja na kupunguzwa kazi. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu kwenye mchezo uliofutwa anaweza kukosa cha kuonyesha anapoomba kazi nyingine, kwa kuwa kazi hiyo ni mali ya kampuni na mikataba mingi ya siri humkataza hata kuitaja.

Uhifadhi

Muswada wa kitabu ambacho hakikuchapishwa unaweza kusomwa na yeyote atakayeukuta sandukuni. Mchezo hauko hivyo: unahitaji msimbo wake, mashine yake na mara nyingine seva za kampuni. Maktaba za taifa hupokea nakala za kazi zilizochapishwa, hivyo mchezo ambao haukutolewa haufiki huko. Diski huharibika, na kampuni hufungwa.

Kwa sababu hiyo, mengi yanayojulikana yametokana na nakala zilizovuja au kutunzwa na watu binafsi. Mwaka 2020 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilifanikiwa kurudisha mchezo wa Days of Thunder ambao haukuwahi kutolewa. Msimbo wake ulipatikana katika diski za mtengenezaji wake, Chris Oberth, ambaye alifariki mwaka 2012. Kama vitu vyake vingetupwa, mchezo huo ungepotea pamoja naye.

Hata hivyo, kutokutolewa hakuondoi hakimiliki. Kusambaza nakala iliyovuja bila idhini ya mwenye haki ni kosa katika nchi nyingi. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Afrika Mashariki

Utengenezaji wa michezo ya video katika Afrika Mashariki ni wa miaka ya karibuni. Miongoni mwa kazi za mwanzo zinazojulikana ni The Adventures of Nyangi wa Mkenya Wesley Kirinya, uliotoka mwaka 2007, na Nairobi X wa Andrew Kaggia, uliotoka mwaka 2015 na kuonyesha jiji la Nairobi likishambuliwa na viumbe kutoka anga za mbali.

Mchezo wa kampuni kubwa unapofutwa, hubaki trela, picha na habari za magazeti. Mchezo wa kijana mmoja au kikundi kidogo unapokwama kwa kukosa fedha, kompyuta au muda, mara nyingi haukuwa umetangazwa popote. Kumbukumbu yake hubaki katika kompyuta ya mwenyewe, na kompyuta hiyo ikiharibika au kuuzwa, hakuna wa kujua kwamba mchezo huo ulikuwapo. Kutunza nakala zaidi ya moja, kuandika tarehe za kazi na majina ya walioshiriki ni njia rahisi ya kuzuia hasara hiyo, hata kama mchezo wenyewe hautakamilika.