Mgeni Aliyeletwa na Njia: Hoteli za Korogwe na Handeni

Historia ya hoteli za Korogwe ni historia ya msafiri aliyelazimika kusimama. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipita hapo na kufika Moshi mwaka 1911. Mashamba ya mkonge yakaleta mameneja, makarani na manamba. Kisha mabasi ya Arusha na Moshi yakaufanya mji kituo cha chakula. Mteja hakutafutwa, aliletwa.

Mazoea hayo yalizaa kasoro. Basi husimama pale apendapo dereva, ambaye mara nyingi hula bure. Basi mwenye hoteli hujifunza kumridhisha dereva, si abiria aliyepewa dakika chache na wali uliopoa. Narver na Slater, mwaka 1990, walieleza kwamba kulielekea soko ni kumjua mteja, kumjua mshindani, na idara zote kushirikiana. Njiani kwetu, hata mteja mwenyewe tumemkosea.

Utawala wa biashara nao una historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hoteli kadhaa kubwa nchini ziliendeshwa na Shirika la Utalii. Meneja aliitazama wizara kuliko mgeni. Miaka ya 1990 ubinafsishaji ulipoanza, wengi tuliamini kwamba mali ikipata mwenyewe, tatizo limekwisha. Halikwisha. Naikumbuka gesti moja ya Handeni iliyokuwa ikijaa kila siku ya mnada. Baba alikuwa mkurugenzi, mhasibu na mtunza funguo. Alipofariki, hakuna daftari lililotenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Warithi wakagombana, milango ikafungwa, na wahudumu wakarudi vijijini bila mishahara yao.

Leo lami inaunganisha Korogwe, Handeni na Mkata, na njia ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Tanga, inapita katika wilaya hizo. Lakini ujenzi huisha, na lami imleteayo mgeni humwezesha pia kupita bila kusimama.

Kwa hiyo nawauliza wenye hoteli maswali matatu: nani hukagua hesabu zenu? Nani atashika funguo kesho? Na mgeni wa jana alilalamikia nini? Asiye na majibu hana biashara. Ana jengo kando ya njia.