Watu wa Laini: Ukoo Mmoja kati ya Bungoma na Kitale

Tarehe ya Kitale husimuliwa kwa miaka ya walowezi na ya reli. Mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia mashamba ya Trans Nzoia wanajeshi Waingereza waliotoka vitani. Mwaka 1926 tawi la reli kutoka Leseru likafika mjini, na mwaka huohuo Hugh Stoneham, mwanajeshi mpenda wadudu na vitabu, akaanzisha makumbusho yake. Ikaja klabu, likaja kanisa, ukaja uwanja wa maonyesho ya kilimo. Watu wale walikuwa wakijijengea kijiji cha Uingereza chini ya Mlima Elgon, na mtoto aliyezaliwa katika nyumba zao alikua akijua farasi, mbwa wa kuwinda na chai ya alasiri.

Ng'ambo ya zizi la ng'ombe wa maziwa kulikuwa na kijiji kingine: laini. Vibanda vya udongo vilivyopangwa safu kwa safu, jiko nje, kisima kimoja, nyapara mmoja. Baba yangu alizaliwa laini. Tarehe ninayoiandika ni ya huko, kwa kuwa waliobeba mahindi ya Trans Nzoia mgongoni walikuwa wengi, na wengi wao wamekufa bila kuandikwa popote isipokuwa kwenye kipande, kile cheti cha kazi cha serikali ya kikoloni.

Nchi ile haikuwa tupu walipofika wazungu, wala haikuwa tupu tulipofika sisi. Ukitembea malishoni nje ya Kitale utakuta mabonde madogo ya mviringo yaliyoota nyasi. Ni mashimo ya Sirikwa, mazizi ya watu waliofuga hapo karne nyingi zilizopita. Wasabaot walichunga kati ya mlima na bonde, na Wapokot wakishuka kutoka kaskazini. Kwenye uwanja wa klabu wageni huonyeshwa duara la mawe linalosemwa kuwa kituo cha misafara ya watumwa. Walowezi walipopewa hati, Wasabaot walisukumwa mlimani. Babu yangu alilijua hilo na hakulificha. Alisema waziwazi kwamba aliajiriwa kulima ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Kwao babu ni Malakisi, upande wa Bungoma. Sisi wajukuu tulimwita Kuka. Alitahiriwa katika rika la Kananachi, yapata 1930, na Wabukusu wa umri wake walihesabu maisha kwa marika kabla ya kuhesabu kwa kalenda: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha duru inaanza upya. Jando hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, hivyo mtu akikutajia rika lake umeshapata miaka yake na ya nduguze.

Kilichomtoa Malakisi ni kodi. Kila nyumba ilidaiwa shilingi, na shilingi zilikuwa kwa mzungu. Lakini kulikuwa na kivutio pia, na watu wa siku hizi hukisahau. Sheria ya 1918 ilimruhusu mfanyakazi kukaa shambani na familia yake, kulima kipande chake na kufuga, mradi amtumikie mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Kwa kijana aliyekuwa na kaka wengi na shamba dogo la kurithi, Trans Nzoia ilimpa malisho. Alikwenda kwa miguu, akaandikwa, akapewa tiketi. Siku thelathini za kazi zikijaa kwenye tiketi ndipo mshahara unatoka. Siku ya mvua au ya homa haikuhesabiwa. Unga wa posho ulikuwa ratili mbili kwa siku. Nyanya yangu alijazia kwa kunde, mrenda na sagaa alizopanda nyuma ya kibanda.

Jambo moja liliwatofautisha watoto wa laini na binamu zao wa Bungoma: lugha. Kibanda cha kwanza Wabukusu, cha pili Wateso, cha tatu Waturkana, mbele yao Wakikuyu na Wapokot. Watoto walicheza, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Baba alikijua Kiswahili kabla ya kushika sawasawa methali za Kibukusu, na sisi tulilelewa hivyohivyo.

Baada ya Vita vya Pili, walowezi walianza kuyaona makundi ya ng'ombe wa wafanyakazi kuwa tishio. Siku za kazi zikaongezwa na mifugo ikapunguzwa, shamba baada ya shamba. Kuka aliamriwa abakishe wachache. Waliozidi aliwaswaga mpaka Malakisi, akawaacha kwa kaka yake, akarudi na fimbo. Simulizi hiyo aliikatiza kila mara mahali pamoja, alipowataja ng'ombe kwa rangi zao.

Miaka hiyohiyo Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mchezaji mpira aliyegeuka mhubiri, alikuwa akiwaambia watu wa Bungoma warudi kwenye msambwa, imani ya mababu, na kuwataka wazungu waondoke. Mafundisho ya dini yake, Dini ya Msambwa, yalivuka mpaka na kuingia laini za Trans Nzoia usiku. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi waumini waliokusanyika Malakisi na kuua watu 11. Masinde alikamatwa, akawekwa kizuizini mbali na kwao hadi uhuru ulipokaribia. Kuka hakuwa muumini, ila aliwajua waliokufa. Kwa ukoo wetu mwaka 1948 una alama mbili: risasi za Malakisi, na kuanza kwa rika la Nyange, ambalo baba yangu aliingia muda mfupi baadaye.

Uhuru ulipokaribia walowezi wakaanza kuuza. Sehemu za Ndalu, Tongaren na Naitiri zikawa mashamba ya makazi. Kwingine watu waliunda kampuni na vyama, wakachanga, wakanunua shamba zima. Wanasiasa kama Masinde Muliro waliwahimiza watu wa Bungoma wasiogope bei. Kuka aliuza ng'ombe wale wa Malakisi pamoja na ndama wao, baba akaongeza mshahara wa ukarani wa ghala, wakapata hisa katika shamba la upande wa Kiminini. Ardhi ilipopimwa, namba ziliandikwa kwenye vikaratasi, zikakunjwa na kutiwa ndani ya kofia. Namba yetu ilikuwa ya ekari 12 zinazoteremka kuelekea mtoni.

Hapo ndipo nilipokulia. Nyumba ya mzungu ilisimama katikati ya shamba, na kwa kuwa hakuna mwanahisa aliyekubali mwenzake aikalie, iligeuzwa ghala. Mahindi yalijaa sebuleni hadi madirishani. Bafu lake la chuma lilitolewa nje likawa hori la kunyweshea ng'ombe. Mawaridi yaliendelea kuchanua bila kupogolewa, na mama zetu waliyakata kwa ajili ya harusi na misiba.

Mbegu nazo zina tarehe yao. Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956 na wakulima wa kizungu waliotaka mbegu za nyasi za malisho. Kwenye kituo cha utafiti mjini humo mahindi ya Kitale yalipandishwa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, na 1964 ikatoka chotara 611. Kuka aliipanda kwa wasiwasi, nusu ekari tu. Mavuno yalipokuja, aliita majirani waje kuona gunzi lenyewe.

Kazi ya watoto ilikuwa kupukuchua. Unaanza na msumari, unafungua mstari mmoja kutoka kitakoni hadi nchani; baada ya hapo kidole gumba kinasukuma punje ziangukie pengo hilo, mstari kwa mstari. Siku ya kwanza gumba linavimba, ya tatu linatoboka, na wiki ya pili ngozi imekuwa ngumu kama pembe. Wakubwa walishona magunia kwa shazia, wakiacha masikio mawili kwenye pembe ili wapakiaji wapate pa kushika. Gunia la kilo 90 lililoshonwa bila masikio lilirudishwa, na aliyelishona alilifumua mbele ya watu.

Desemba tulikwenda Bungoma na gunia moja juu ya basi. Tulipita Kamukuywa na Misikhu, na kabla ya kuiona Webuye tuliinusa: kiwanda cha karatasi kilichofunguliwa 1974 kilitoa harufu ya mayai viza iliyoingia mpaka kwenye mkate. Kilipofungwa mwaka 2009, hewa ikawa safi na mji ukafilisika. Watu wa Webuye wangeipokea harufu ile tena kwa mikono miwili. Kutoka Malakisi tulirudi na njugu, ndizi na miwa.

Mimi ni wa Chuma, jando la 1980. Wakati huo mama alishikilia kuwa lazima nitahiriwe Bungoma, karibu na khocha, mjomba aliyenichinjia fahali na kunivika ukanda wa nyama shingoni. Maziko pia yalikuwa huko. Kuka alipofariki tulimpeleka Malakisi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumlaza katika shamba la kununua.

Mapigano ya kikabila ya mwishoni mwa 1991 na mwanzo wa 1992 yalibadili hesabu hiyo. Nyumba zilichomwa Endebess na Saboti, watu wakajaa makanisani mjini, na tukaambiwa turudi kwetu. Baba alijibu kwamba alizaliwa laini na hana kwingine. Nadhani alikuwa na haki, na nadhani pia kwamba dhuluma waliyotendewa Wasabaot haijawahi kujibiwa ipasavyo na serikali yoyote; mambo hayo mawili tumeishi nayo pamoja. Baba alipokufa alizikwa Kiminini, chini ya mawaridi. Mwaka uliofuata, Septemba 2003, Makamu wa Rais Michael Wamalwa Kijana, mzaliwa wa upande wa Kimilili, naye alizikwa Kitale, katika shamba la familia yake.

Ekari zile 12 sasa zina milango tisa. Agosti 2024 duru ililifikia tena rika la Kananachi, na mtoto wa mdogo wangu akatahiriwa uani kwetu Kiminini. Safari hii khocha ndiye aliyepanda gari kutoka Chwele. Jioni wazee wa Nyange waliosalia walimtajia kijana majina ya Kananachi waliotangulia, waliokaa laini ile pamoja na Kuka. Nimeyaandika yote, kila moja na alikotoka mwenyewe: Malakisi, Sirisia, Chwele, Kimilili, Lugulu, na Wateso wawili ambao wajukuu wao bado ni majirani zetu.